Kutoka Pale Kilipokuwa Kinu

Katika vilima vya kahawa vya Kosta Rika, nyumba hazina namba wala njia hazina majina. Mtu akikuuliza unakaa wapi, unaanza na kitu ambacho kila mmoja anakijua, kanisa, daraja, mti mkubwa, kisha unamhesabia mita za kwenda na upande wa kugeukia. Na kitu chenyewe si lazima kiwepo. Kuna mikuyu iliyokatwa kabla wazee wa leo hawajabatizwa, na bado inaelekeza watu majumbani. Huko hata miti iliyokufa haiachi kufanya kazi.

Doña Chela, yaani Bibi Chela, wa kijiji cha Alto Piedra alikuwa na maelekezo yake, na kwa karibu miaka thelathini hakuyabadili hata neno. "Kutoka pale kilipokuwa kinu cha miwa, mita mia mbili kupanda, nyumba ya buluu."

Kinu hakikuwepo. Pale kilipokuwa palisimama duka la wifi yake, Edelmira, lenye bati jekundu na bango la soda lililoonekana mpaka ng'ambo ya bonde. Mtu yeyote mwenye nia ya kufikiwa angesema "juu ya duka la Edelmira" na mgeni angefika akiwa amefumba macho. Chela alilijua hilo. Lakini kulitaja duka kungekuwa kukubali kwamba lipo.

Kinu kilikuwa cha mkwewe. Chela alipoolewa na Belarmino alikikuta kinafanya kazi, ng'ombe wawili wakizunguka tangu alfajiri, juisi ya miwa ikichemka kwenye masufuria mapana, na harufu ya sukari guru ikipanda mlimani hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Alicheza ngoma ya harusi yake mbele ya kinu hicho. Mkwe alipofariki, Belarmino alikuwa ameshuka pwani kukata ndizi za kampuni, na huku nyuma shemeji yake, mume wa Edelmira, akaviuza vyuma vya kinu kwa mnunuzi wa chakavu. Ndizo pesa zilizojenga duka. Belarmino aliporudi alisimama barabarani, akalitazama lile bati jekundu, akavuta kofia yake mbele kidogo, akapanda nyumbani. Alikuwa mtu wa kumeza mambo. Chela hakuwa hivyo. Alishuka mpaka mlangoni pa duka, mikono kiunoni.

"Mmeuza mifupa ya baba yenu kwa kilo," alisema.

"Wewe ulikuja hapa na furushi la nguo na mdomo," Edelmira akamjibu kutoka nyuma ya kaunta. "Nguo zimeshachakaa. Naona mdomo bado mpya."

Hayo yalikuwa maneno yao ya mwisho kwa miaka mingi. Siku Belarmino alipozikwa walisimama kila mmoja upande wake wa jeneza, wakamlilia mtu mmoja bila kutazamana. Chela alinunua chumvi kijiji cha pili. Alipolipita duka aliugeuza uso kuelekea kahawa, kana kwamba kahawa ile ina jambo la kumwambia.

Ndipo kikaja kituo cha afya. Kilifunguliwa katika ukumbi wa zamani wa kijiji, chini karibu na kanisa, kikapigwa rangi nyeupe. Kilikuwa na daktari, muuguzi mmoja, karani, na mwanamume wa makamo aliyeitwa Olman, aliyezunguka na pikipiki akiwa na kisanduku cha barafu cha chanjo begani. Kazi yake ilikuwa kuwafikia watu majumbani, nyumba kwa nyumba, mgonjwa na asiye mgonjwa, kuwapima shinikizo la damu, kuchanja watoto, kutazama hata pipa la maji lina mbu au halina. Alikuwa mwenyeji wa bonde jingine. Alianza na nyumba za chini na alikuwa hajafika juu.

Vyote hivyo vililipwa na Sanduku. Ndivyo watu walivyouita mfuko wa taifa wa afya, Sanduku tu, kama mtu anavyosema jua. Kila mwenye kipato huweka fungu lake humo kila mwezi, mwajiri huweka lake, serikali huweka lake, na asiye na kitu hutibiwa kama mwenye nacho. Belarmino alipokuwa hai alipenda kusema kwamba nchi yao ilivunja jeshi, ikauza bunduki ikanunua sindano, na kwamba yeye binafsi aliogopa bunduki kuliko sindano, lakini si kwa mbali sana.

Padri alitangaza baada ya komunyo, huku akiitazama dari, kwamba wanawake wote waende kituoni kupimwa mlango wa kizazi, nao wasione haya, kwa kuwa Mungu ndiye aliyeumba kila kitu. Chela aliona haya na akaenda. Alikwenda kwa ajili ya mama yake.

Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa huko chini, Chela akiwa msichana wa kusuka mikia miwili. Alilazwa kando ya jiko ili apate joto, na harufu ile waliifunika kwa majani ya mkaratusi, na haikufunikika. Baba aliuza ng'ombe wake wa pekee, akamshusha mkewe mjini kwa machela mabegani mwa wanaume wanne. Daktari wa mjini alimtazama, akanawa mikono, akasema angeletwa mapema. Baba alilirudia neno hilo mpaka alipozeeka. "Mapema," alikuwa akisema barazani, bila kumwambia mtu yeyote. "Mapema, yule ng'ombe alikuwa bado ndama."

Kituoni karani alimwomba jina kamili.

"María Auxiliadora Picado Solís," Chela akasema, na jina likamtoka kama nguo ya kuazima. Kijijini hapakuwa na mtu aliyelijua. Kaka yake alimwita Chela kabla hajaota meno, na ikawa basi.

"Unakaa wapi, doña?"

"Kutoka pale kilipokuwa kinu cha miwa, mita mia mbili kupanda, nyumba ya buluu."

Karani, naye si wa pale, aliandika kama alivyoambiwa. Daktari alikuwa mwanamke mwenye mikono yenye joto. Kipimo kilikwisha kabla Chela hajamaliza Salamu Maria moja. "Tukiona kitu tutakutafuta," daktari alimwambia. "Usipotusikia, njoo mwenyewe mwezi ujao uchukue majibu."

Chela alirudi nyumbani, akasubiri kusikia. Mwezi ujao ulifika, na hakwenda. Msimu wa kahawa ulikuwa umeanza, alijiambia, na kimya ni habari njema. Chini ya hayo kulikuwa na jingine, ambalo hakulitoa nje hata kwenye sala: aliogopa.

Mchana mmoja, akichuma ukingoni mwa shamba, aliiona pikipiki ng'ambo ya mto, inapanda kuelekea gofu la kinu cha akina Fallas, kinu kingine kabisa, kilichokufa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka wa arobaini na nane. Olman aliteremka, akazunguka zile kuta zilizoliwa na magugu, akapanda juu, akashuka, akasimama akijipangusa jasho. Siku chache baadaye alikuwa pale tena. Chela alicheka peke yake na kikapu chake kiunoni. "Bwana wa sindano anakwenda kuwachanja popo," alisema.

Hakujua kwamba anayetafutwa ni yeye. Alipokuja kujua, kicheko kile kilimrudia mara nyingi. Akiwa juu pale, na chembe za mwili wake zimeanza kupotoka kimya kimya, alimtazama kwa macho yake mtu aliyetumwa kumwokoa akihangaika kwenye magofu, na akamcheka.

Mvua ya alasiri ilikuwa inaisha alipouona mwavuli mweusi ukipanda njia ya nyumba yake. Alikuwa barazani akichambua maharage. Mwavuli ulipanda kidogo, ukasimama, ukapanda tena. Aliutambua mwendo kabla ya kumwona mtu, lile goti la kulia lililoburutwa. Maharage yakakoma mkononi.

Edelmira alifika, akaufunga mwavuli, akaegemea nguzo akihema.

"Nani amekufa?" Chela akauliza.

"Bado hajafa mtu. Nipe kiti kwanza, wifi. Au viti navyo ni vya kinu?"

Chela alimsogezea kigoda kwa mguu. "Duka umemwachia nani?"

"Nimeliacha wazi."

Hapo ndipo Chela alipoogopa. Edelmira alifunga duka hata alipokwenda kuchuma limau nyuma ya nyumba.

"Kuna yule bwana wa pikipiki," Edelmira akaanza, huku akijifuta uso kwa pindo la aproni. "Wiki iliyopita alisimama dukani akaniuliza kinu kilikuwa wapi. Nikamwambia hapa hakuna kinu, hapa kuna duka, akitaka kinu avuke mto. Nilijua ni maneno ya nani. Katika bonde zima kuna mtu mmoja tu anayekaa juu ya kinu. Nikadhani ni mambo ya mbu na mapipa. Nikasema atafute, matairi ni yake."

"Umemdanganya mtu wa Sanduku."

"Nilimwambia ukweli. Kwani kinu kipo?"

Chela akatupa harage bovu uani.

"Leo amekuja na jina. Anamtaka María Auxiliadora Picado Solís. Wale vijana wanaokunywa soda pale wote wakatikisa vichwa, hawajamsikia. Na mimi nikaanza kutikisa changu." Edelmira alitazama mikono yake. "Halafu nikakumbuka. Mimi ndiye niliyekushikia shela kanisani. Padri alilisoma jina hilo mbele ya kaka yangu, na kaka yangu akacheka, maana na yeye alikuwa halijui. Nani mwingine amebaki wa kulikumbuka? Ni mimi tu."

"Anataka nini?"

"Hakuniambia. Nilimbana akasema siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Lakini mtu hatafutwi ng'ambo na ng'ambo kwa habari njema, Chela."

Maji yalidondoka kutoka kwenye bati. Chela aliona mkono wake unapanga maharage mstari mmoja kwenye sinia, zuri, bovu, zuri.

"Mbona hukumleta?"

"Pikipiki imezama kwenye tope pale kwenye kona. Anaitoa." Edelmira akavuta pumzi. "Nikaona nitangulie. Usije ukaipokea habari hiyo peke yako na mgeni."

Chela aliinuka, akaingia jikoni. Alichukua kipande cha sukari guru, akakivunja kwenye maji yaliyokuwa yakichemka, akamimina vikombe viwili. Alirudi akamkabidhi wifi yake kimoja bila kumtazama. Edelmira alikinusa kwanza, akakaa nacho mdomoni muda mrefu.

"Hii si ya kwetu," alisema.

"Ya kwetu mliiuza."

"Najua."

Ndivyo Olman alivyowakuta, matope mpaka magotini, kofia mkononi. Aliomba kuzungumza na mwenye jina faraghani. Chela akasema huyu naye akae, keshapanda mlima. Basi Olman akawaeleza, polepole, kwa maneno ya kawaida. Kipimo kilionyesha chembe zilizoanza kuharibika. Bado hazijaenda mbali. Zikiachwa zitakwenda, na zikiwahiwa zinatolewa na mtu anarudi kuchuma kahawa. Kitanda kimeshaombwa katika hospitali ya wanawake, mji mkuu. Gari la kituo linaondoka Jumatatu.

Chela aliitikia kila neno kwa kichwa. Kisha akauliza swali ambalo baba yake aliuliza.

"Nina mtamba mmoja. Nikimpeleka mnadani Jumamosi, atatosha?"

Olman hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliangalia chini, kwenye ile kofia.

"Mwache akue, doña," alisema. "Hatumhitaji."

Edelmira ndiye aliyelia. Chela alimtazama tu baba yake, mahali fulani kati ya jiko na mvua, akiwa ameshika kamba isiyo na ng'ombe.

Jumatatu walikwenda wote wawili, maana binti wa Chela alikuwa kaskazini na mtoto mchanga, na Edelmira alisema kama ni kuliacha duka, ameshazoea. Ndani ya gari lile jeupe kulikuwa na mzee anayekwenda kusafishwa damu kwa mashine ya figo, na msichana wa Kingäbe, kabila la wenyeji wa asili, mchuma kahawa, mwenye mimba iliyomsumbua, gauni lake refu lina mapambo ya pembe tatu za rangi. Njia nzima Edelmira alilalamika kuhusu kona, dereva, na hewa. Chela aliyaona maneno yale kama blanketi.

Hospitalini alikuwa ameficha pesa kwenye leso, chini ya nguo, kwa kuwa hakumwamini Olman kikamilifu. Alingoja aulizwe. Mtu wa mapokezi alimwuliza jina, muuguzi akamwuliza kama ana mzio, mtu wa dawa ya usingizi akamwuliza kama ana meno ya bandia. Leso ile ilirudi Alto Piedra bila kufunguliwa, na fundo lake ni lile lile.

Alipozinduka, dirisha lilikuwa na mwanga wa alasiri. Kitanda cha kulia alilala yule msichana wa Kingäbe, cha kushoto mke wa wakili aliyesuka nywele zake upya kila saa. Shuka zilikuwa za aina moja. Supu ilikuwa ya aina moja, na wote watatu walikubaliana kwamba haina chumvi. Chela aliwaza watu ambao hakuwajua: wakata ndizi pwani, makarani, madereva, wasichana wa viwandani, kila mmoja akiacha kipande cha jasho lake ndani ya Sanduku bila kuuliza kitamwangukia nani. Mama yake alibebwa na wanaume wanne, na walichoka, na kila mmoja alikuwa na jina. Yeye alibebwa na watu wengi kiasi kwamba asingeweza kuwashukuru mmoja mmoja hata angeishi maisha mawili. Shukrani isiyo na mahali pa kuitua ni nzito. Alilala nayo kifuani, akaiacha iwe nzito.

Edelmira aliingia na tortila, chapati za mahindi, zenye jibini zilizofungwa kwa kitambaa.

"Daktari anasema wametoa kila kitu, na kilikuwa bado kidogo. Kula kabla hawajaniona." Akaketi, akanyoosha goti. "Unajua mimi nalipa Sanduku kila mwezi? Kila mwezi, wifi, duka liuze lisiuze. Nilikuwa najiuliza zinakwenda wapi. Kumbe zinakuja kukulaza wewe kwenye shuka nyeupe. Ni pesa za duka langu zilizokupasua tumbo."

Chela alitafuna tortila yake, akaimeza.

"Basi nimelipwa," akasema.

"Umelipwa nini?"

"Fungu letu la kinu."

Edelmira aliweka kitambaa cha tortila chini. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Chela naye akaanza, akalishika tumbo kwa mikono miwili kwa maumivu, akimwomba aache, aache, nyuzi zitakatika. Mke wa wakili aliwauliza wanacheka nini. Edelmira akampa kipande cha tortila.

Isisemwe kwamba walipatana kabisa. Mambo mengine hayapatanishwi. Yanazeeka tu pamoja na wenyewe. Mpaka leo Chela akinunua sukari pale dukani huuliza kama mizani imepimwa, na Edelmira humjibu kwamba mizani ni nzima, labda macho. Lakini hununua pale.

Siku ya kuruhusiwa, karani wa hospitali aliandika karatasi ya kwenda kituoni, ili Olman awe anamfuata nyumbani kumwangalia. Akauliza anakaa wapi, tafadhali kwa ukamilifu, maana wameambiwa safari iliyopita alipatikana kwa taabu.

Chela aliufungua mdomo, na maneno ya zamani yakawa tayari pale, mstari mzima, kama punda anayeijua njia. Aliyazuia. Edelmira alikuwa nyuma yake, ameshika mkoba wa nguo, anatazama ukuta kama vile ukuta ule una jambo la kumwambia.

"Alto Piedra," Chela akasema. "Kutoka duka la wifi yangu Edelmira, bati jekundu, mita mia mbili kupanda. Nyumba ya buluu. Uliza Chela."

Karani akaandika.

"Mia tatu," Edelmira akasema nyuma yake. "Andika mia tatu, mwanangu. Nimeupanda ule mlima kwa magoti haya, naujua."